Mwosha Aliyesahau Inshallah

Wanawake wenzetu wa London walimpenda, lakini mikono yake waliiogopa. Akikupa kipande cha halua, ulikipokea kwa sahani. Akimpapasa mtoto shavuni, mama wa mtoto atacheka vizuri, kisha atamchukua mwanawe msalani akamnawishe uso. Harusini yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliimba, alipiga vigelegele, aliwatania maharusi kwa maneno ambayo mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani, siwezi kuyaandika. Lakini hina ya bibi harusi hakuna aliyemwachia kuigusa.

Alijua, na hakuona tabu. Siku moja tumekaa pembeni ya ukumbi na sahani zetu za biriani magotini, akanisogezea kichwa.

"Watazame wanavyonikwepa, mwalimu. Wacha wanikwepe. Siku yao ikifika hawatakuwa na mbio."

Tulimwita Mwosha. Jina alikuwa nalo, na mwenyewe alilipenda, lakini hilo naliacha lipumzike pamoja naye. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, kuanzia Walthamstow alikokaa mpaka Woolwich ng'ambo ya mto, na kokote ambako mwanamke wetu alifariki na jamaa zake hawakujua pa kuanzia. Haikuwa kazi ya mshahara. Mshahara aliupata hospitali, katika chumba cha chini cha kufulia mashuka, akisimama mchana kutwa mbele ya mashine zenye moto. Ukimuuliza vipi kazi, alikujibu, "Naosha tu. Mchana mashuka, jioni waliokuwa wakiyalalia."

Mimi nilikuwa mmiminaji wake. Katika kuosha maiti yuko anayeosha na yuko anayemimina maji, na kwa miaka mingi birika lilikuwa mkononi mwangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijaalia hilo, ingawa mgongo wangu hadi leo unalalamika. Nikimimina kwa pupa aliniambia bila kuinua macho, "Polepole, humwagilii mchicha."

Maiti alizungumza nao. Hakuwalilia wala hakuwasomea mashairi. Aliwaarifu tu anachokifanya. "Bibi, nakuinua mkono wa kulia." "Sasa nakugeuza ubavu, nivumilie." "Maji ya uvuguvugu haya, usistuke." Msichana mmoja wa kwetu, aliyezaliwa hapahapa na kuja kujifunza kazi, alimsikiliza muda kisha akauliza kwa Kiingereza kama maiti anasikia. Mwosha alikielewa Kiingereza kuliko alivyokisema.

"Mtu akikuingilia chumbani bila hodi, utapenda?"

"No, Bibi."

"Basi piga hodi."

Kwa walio hai hakuwa na upole huo. Nilimwona akimfokea mwanamume mzima aliyesimama ukumbini na simu sikioni wakati mama yake amelazwa chumba cha pili. Nilimwona akiwafukuza wanawake waliokuja kuchungulia. "Mnataka kuona nini? Mtakiona chenu." Nilipomlaumu kwa ukali huo, alisema walio hai wana ndimi za kujitetea.

Alikuwa na begi la kijani lisilofunga vizuri. Ndani mlikuwa na sanda iliyokunjwa, pamba, kafuri, majani ya mkunazi yaliyosagwa, sabuni na mataulo yake mwenyewe. Juu ya vyote hivyo, chupa ya chai na kikombe. Kisa cha chupa ya chai ni kwamba katika nyumba ya msiba hakunywa hata maji. Watu walimwona ana kiburi. Woolwich, binti wa marehemu mmoja alimletea chai ya maziwa na mandazi kwenye sinia, Mwosha akaisukuma sinia kwa kidole. Binti akakasirika.

"Ina sumu chai yetu?"

"Chai haijawa yenu, mwanangu. Mama yako alipokata roho, majani ya chai, sukari na maziwa yaliyomo frijini yaliingia katika mirathi. Na mdogo wako hajabaleghe. Unataka ninywe chai ya yatima?"

Binti akasimama na sinia yake. Mwosha akafungua chupa yake, akajimiminia, akaniuliza kama nami nataka. Nilikuwa na kiu kubwa sana siku ile, na nilikuwa nimeshaiangalia ile sinia kwa jicho zuri. Nikanywa yake.

Alipenda kusema kwamba mtu huzaliwa mchafu akaoshwa, hufa mchafu akaoshwa, na hapo katikati ajisimamie mwenyewe. Nyumbani kwake vyombo vilikaa ndani ya beseni tangu asubuhi mpaka jioni. Binti yake, anayeishi mji mwingine, alikuwa akifika tu anavua koti na kukunja mikono. "Mum," atasema, na mengine yote kwa Kiingereza. Mwosha atamjibu kwa Kiswahili kwamba vyombo havizikwi, vinaweza kusubiri.

Kuhusu mama yake alinisimulia mara moja tu. Tulikuwa ndani ya treni ya chini kwa chini tukitoka msibani, mabegi miguuni, sote tumechoka hata kusema. Mama yake alifia Unguja, miaka ile ya baada ya mapinduzi, wakati sisi tuliotoka hatukuwa na njia ya kurudi. Habari ilimfikia hapa arubaini imeshapita.

"Sijui nani alimwosha," alisema. "Nimemuuliza kila atokaye huko. Huyu ananitajia fulani, yule fulani. Siku hizi siulizi." Treni ikasimama, watu wakashuka, wengine wakapanda. "Lakini yuko mtu aliyemwosha. Kwa hiyo na mimi nikiitwa, naenda."



Nyumba za mtaa wake zimeshikana ukuta kwa ukuta, na bustani za nyuma zimetenganishwa kwa ua wa mbao. Upande wa pili wa ua alikaa mjane wa Kiingereza, mzee kumshinda, mwembamba, nywele nyeupe zimefika mabegani. Nitamwita Jirani, kwani ndivyo Mwosha alivyomwita. Urafiki wao ulianza kwa chakula. Jirani alimpitishia juu ya ua mabua mekundu machachu ambayo Waingereza huyapikia vitamu, na Mwosha, asijue la kuyafanya, akayatia pilipili, chumvi na kitunguu thomu, akayafanya achari. Akamrudishia kikopo. Jirani alikula akitokwa na machozi, na kesho yake akaleta mabua mengine.

Jirani alikuwa akimwona akitoka saa yoyote na begi la kijani, gari likimsubiri nje, na akirudi amechoka. Akadhani ni mkunga. Kwa miaka alimwita juu ya ua na kumuuliza, "Wa kiume au wa kike?" Na Mwosha, aliyeosha wanawake tu, alishangaa ni kitu gani hasa anataka kukijua, lakini alimjibu ukweli, "Wa kike." Jirani atafurahi, atasema Mungu ambariki, na mara moja alimpa soksi ndogo za sufu alizozifuma mwenyewe. Mwosha aliniletea zile soksi.

"Mwalimu, hizi za nani? Maiti gani ana mguu huu?"

Siku moja Jirani akauliza kwa nini hapati hata mara moja wa kiume. Hapo Mwosha akafahamu, akaweka begi chini, na kwa Kiingereza chake cha sokoni akamweleza. Hapana kuzaliwa. Kufa. Mwanamke akifa, mimi naosha, nachana nywele, navisha nguo nyeupe. Jirani akaushika ua kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Na mimi atanifanyia nani?"

"Mimi," akasema Mwosha.

Kesho yake alinijia nyumbani kabla sijamaliza nyiradi zangu za asubuhi. Hakuvua hata koti.

"Mwalimu, kumwosha asiyekuwa Mwislamu yafaa?"

"Si wajibu juu yako, dada, lakini si haramu. Kumswalia ndiyo hapana."

"Kuswaliwa hajaniomba. Kaniomba kuoshwa." Akakaa kitako. "Nimemwahidi."

"Umesema inshallah?"

"Ndilo lililonileta. Nimesahau. Ulimi ulinitangulia. Nimesema 'mimi', basi, kama mtu aitwaye jina."

Nikamwambia aiseme sasa hivi, kwani mwenye kusahau amefunguliwa mlango wa kukumbuka. Alitikisa kichwa.

"Nikiisema sasa itakuwa natafuta mlango wa kutokea. Yeye ameshaingia kwake anajua yuko mtu. Nimwendee nikamwambie nini? Kwamba nimeongeza neno?"

"Humwambii yeye. Unamwambia Mola wako."

"Mola wangu anajua niliposema 'mimi' nilikusudia."

Tangu siku hiyo alikuwa akimwangalia Jirani kama mtu anayechunga sufuria motoni. Akikohoa, alitoka uani. Pazia lisipofunguliwa asubuhi, alibisha mlango. Mara mbili alikata tiketi akamtembelee ndugu yake Omani, na mara mbili akavunja safari. Nilimwona amelemewa. Maiti wote aliowaosha waliletwa kwake na jamaa zao, na kama asingekuwepo angeitwa mwingine. Huyu alikuwa wake peke yake, na hapakuwa na mwingine.

Kisha goti likamshinda. Walimpasua, na binti yake akamchukua mjini kwake akamuuguze. Alikaa huko mpaka majani yakaanza kupukutika. Aliporudi, kabla ya kuingia ndani, alitazama dirisha la Jirani. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Akabisha, hakuna. Akaenda kwa mwenye duka la pembeni, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake ni cha bara.

"Mama, yule mzee wa jirani yako alienda. Ilikuja ambulansi. Pole sana."

"Amezikwa?"

"Hiyo sijui, mama. Hawa wazungu hukaa na maiti wao muda mrefu."

Neno hilo la mwisho alilishika kama kamba. Sote tulijua kwamba Waingereza hawana haraka ya kuzika kama sisi. Maiti anaweza kulala kwenye friji ya hospitali mpaka jamaa wote wapate nafasi. Alitaka nimpigie simu hospitali, nikapiga, wakaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani wa jirani. Wakasema samahani. Basi akawa anakaa dirishani na goti lake juu ya kiti, anasubiri nyumba ile ifunguke.

Jumamosi moja asubuhi akanipigia.

"Mwalimu, msiba umefunguliwa. Mlango uko wazi, watu wanaingia na kutoka, magari yamejaa mtaani. Njoo."

"Nije na nini?"

"Njoo na mikono yako."

Nilimkuta mlangoni kwake, kajitanda mtandio mweupe, begi la kijani begani, na sufuria ya wali na maharage ya nazi imefungwa kwa kitambaa. Tukatoka pole pole, mimi nimebeba sufuria, yeye na fimbo. Kwenye lango la Jirani palibandikwa karatasi. Niliisoma: nyumba iko wazi mpaka saa kumi, kila kitu lazima kiondoke. Nikafahamu kwamba watu wanakaribishwa, na kwamba vitu vya marehemu vinagawiwa. Niliona ni jambo la heri. Hata kwetu nguo za maiti hutolewa sadaka.

Tukavua viatu mlangoni, tukaviweka pamoja. Mwosha akapiga hodi, akasema, "Poleni." Hakuna aliyejibu. Sebuleni watu walikuwa wamesimama. Mwanamume alikuwa akigeuza kiti miguu juu. Mwanamke alikuwa akitazama sahani kwa chini, moja moja, kama anayetafuta ufa. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekaa.

"Mbona hawakai?" Mwosha aliniuliza kwa sauti ndogo. "Na mfiwa yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoviona vibandiko. Saa ya ukutani ilikuwa na kibandiko. Taa ilikuwa nacho. Picha ya harusi ya Jirani, yeye na marehemu mumewe wamesimama mbele ya kanisa, ilikuwa na kibandiko kwenye kioo, juu ya shada lake la maua.

"Dada," nikasema, "hii ni biashara. Wanauza vyombo vyake."

"Humu ndani? Alimokuwa akilala?"

Kabla sijajibu, mwanamke mwenye koti la manyoya alitufuata kutoka mlangoni, ameshika kiatu kimoja cha Mwosha. Alikuwa amekigeuza anakagua soli. Aliuliza kwa adabu ni bei gani, na kama mwenzake yupo.

"Anasemaje huyu?" Mwosha akauliza.

"Anataka kununua kiatu chako."

"Mwambie mwenyewe bado sijafa."

Nilikichukua kiatu. Ningecheka siku nyingine.

Mfiwa tulimkuta jikoni, mwanamume wa makamo, macho mekundu, anawafungia watu vikombe kwa magazeti. Alikuwa mtoto wa kaka wa Jirani, na ndiye pekee aliyebaki. Mwosha alimpa mikono yote miwili, na mimi nikamwekea sufuria mbele yake. Aliitazama huku na huku akitafuta kibandiko, kisha akaniuliza tunataka kuiuza kwa kiasi gani.

"Ni chakula chako," nikamwambia. "Umefiwa. Sisi ni majirani."

Aliketi kwenye kidato cha ngazi, akafunua kitambaa, na nadhani hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, kwani alikula hapohapo kwa kijiko cha kuuzwa.

"Muulize yuko wapi," Mwosha alisema. Alikuwa amelishika begi kwa mikono miwili.

Nikauliza. Akajibu kwa uchovu kwamba mambo yote yalikwisha kitambo. Walimchoma, kama alivyoandika mwenyewe zamani, na majivu akayapeleka kwenye mji wa pwani ambako Jirani alikuwa akienda utotoni, akayamwaga baharini. Kulikuwa na upepo, alisema.

Kiswahili hakikunipa namna ya kulifikisha taratibu. "Wamemchoma, dada. Majivu yametiwa baharini."

Watu walipita katikati yetu na viti.

"Muulize nani alimwosha."

Mwanamume hakulielewa swali. Nikaliuliza tena kwa namna nyingine. "Hospitali, nadhani," akasema. "Mimi sikuwepo."

Mwosha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, juu ya kibandiko chake. Nimemwona katika nyumba za misiba zaidi ya nilivyoona mtu mwingine yeyote, na sikuwahi kumwona amekaa hivyo, miguu mbele, kama mgeni aliyefika safari imeshaondoka. Nilitaka kumwambia twende zetu. Yeye akasema, "Twende juu. Nataka nione alipolala."

Ngazi zile tulizipanda kama mlima. Chumbani, kitanda kilikuwa kimebaki godoro tupu. Mbele ya meza ya kioo alisimama muuza vitu vya kale, ameshika burashi ya nywele yenye mgongo wa fedha. Aliijaribu kwa kidole gumba. Kisha akachomoa fundo la nywele nyeupe lililonasa kwenye burashi, akaliangusha juu ya zulia, akaondoka na burashi yake.

Mwosha alitoa sauti ndogo. Akaiachia fimbo, na kwa goti lile lililopasuliwa akashuka mpaka chini.

"Mwalimu, hizi ni zake."

"Zake, dada."

"Nijibu kwa elimu yako. Hizi ni mali ya mrithi, au ni maiti?"

Kwetu, nywele zinazong'oka maiti akichanwa hazitupwi. Hukusanywa, zikatiwa ndani ya sanda pamoja naye. Nimelifundisha hilo kwa wasichana wengi. "Ni maiti," nikasema.

Basi akaanza kazi. Alizungukia nyumba nzima na watu wamo wananunua. Alitoa nywele kwenye chanuo lililosahauliwa dirishani. Alitoa kwenye kofia ya sufu, kwenye ukosi wa koti lililotundikwa na bei yake, kwenye kitambaa cha kuegemea kichwa sebuleni. Chooni alipiga magoti tena, akainua kichujio cha beseni la kuogea, akavuta kwa vidole kile ambacho wengine wangekikimbia, na uso wake haukubadilika. Vyote alivitia katika kiganja cha kushoto. Mimi nilimfuata nikimshika kiwiko. Bwana mmoja, alipomwona ameinama hivyo, alidhani ni mtu wa usafi, akamwomba aifute meza iliyokuwa na vumbi ili aone mbao zake. Mwosha aliifuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea.

Mwisho akarudi jikoni. Hakuwahi maishani mwake kutoa kitu katika nyumba ya maiti, na hakutaka kuanza leo. Alimfunulia yule mwanamume kiganja.

"Mwombe ruhusa."

"Anaomba nywele hizi za shangazi yako," nikasema. "Anataka kuziosha na kuzizika. Alimwahidi."

Mwanamume aliacha kijiko. Alikitazama kile kiganja kwa muda. "Alikuwa akizipiga burashi mbele ya televisheni," alisema. "Nilipokuwa mdogo alinipa mimi nimpigie." Akainamia sufuria, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanunuzi hawakujua watazame wapi. Mwosha akamwekea mkono wa kulia kichwani.

"Alhamdulillahi," aliniambia. "Angalau mmoja amelia."

Tuliziosha jikoni kwake, katika bakuli. Alitoa vyombo vyote kwenye beseni kwanza, akavipanga sakafuni. Nikamimina maji, na yalipomwagika pembeni hakunikemea. Mara ya kwanza kwa majani ya mkunazi, mara ya pili kwa maji matupu, mara ya tatu kwa kafuri. Akazichana kwa vidole mpaka zikanyooka, zikang'aa. Hazikuzidi unene wa kidole. Akakata kipande cha sanda, akazifunga pande mbili kama inavyopasa.

Jua lilikuwa likienda. Nyuma ya nyumba, chini kabisa ya ua wa mbao, tulichimba kwa mwiko na kijiko kikubwa, kwani sepetu hakuwa nayo. Upande wa pili walikuwa wakipakia kabati kwenye gari, wakigombana jinsi ya kuligeuza. Alikilaza kile kifurushi, tukafukia, akapapasa udongo ukawa sawa. Sikusoma kitu. Tulikaa tu, tumepiga magoti, pumzi zetu zinatoka moshi kwa baridi.

"Mwalimu, nimetimiza?"

Nimeulizwa masuala mengi katika umri wangu, na mengi yana ukurasa wake kitabuni. Hili sikuwa nimelisoma popote, nikaogopa kumpa faraja ya uongo.

"Uliahidi mwili mzima, dada. Hukupewa."

"Sikupewa." Akautazama udongo. "Basi nimeosha nilichoachiwa."

Akaniwekea mkono begani ili ainuke. Nami nikamshika wake, kwa nia ile ile. Goti lake likakataa, mgongo wangu ukakataa. Tukabaki hapo chini, vikongwe wawili, kila mmoja akimsubiri mwenzake apate nguvu kwanza, amwinue.